Ua la Mgagani

Kila mfasiri wa mashairi ya Ulaya hufika mahali akakwama kwenye neno moja dogo: jina la ule msimu ambao theluji huyeyuka na maua ya mwituni yakachanua. Kamusi hutupa "majira ya kuchipua". Sisi watu wa visiwani tunazo kaskazi na kusi, masika na vuli. Mwaka wetu twauhesabu kwa pepo na mvua, wala hatuna theluji ya kuiaga. Kwa muda mrefu nilidhani upungufu huo ni wa lugha yetu. Aliyenitoa katika dhana hiyo hakuwa mshairi, bali mpishi wa Mara.

Wilaya ya Tarime imeinuka juu, ina baridi ya milimani. Wilaya ya Serengeti huteremka kuelekea mbugani, na Mto Mara hupita baina yao. Mvua zinyeshapo, kingo za njia hubadilika kwa siku chache. Huchanua vijiua vya buluu vinavyofumba kabla jua halijawa kali, marejea ya manjano, kishona-nguo kila penye shamba. Nilifika huko wakati wa masika, nami kwa mazoea ya washairi nikasimama nyuma ya zizi kuyastaajabia maua meupe yaliyotoa nyuzi ndefu kama sharubu za paka. Mwenyeji wangu, mama wa Kikurya mwenye wajukuu, akatikisa kichwa.

"Hayo yamekwisha, baba," akasema. "Mboga ikitoa ua, umechelewa."

Ulikuwa ni mgagani, ambao majirani zao Wajaluo huuita dek. Majani yake huchumwa yangali machanga, na mwenye busara huvikata vichwa vya maua ili mche uendelee kutoa majani. Yana uchungu, kwa hiyo huchemshwa, maji yakamwagwa, kisha yakatiwa maziwa na kuachwa jikoni taratibu mpaka uchungu ulegee. Wengine huyalaza usiku kucha, wakasema ya jana ni matamu kuliko ya leo. Huliwa kwa ugali wa ulezi, mweusi-mwekundu, au wa ulezi uliochanganywa na muhogo. Hakuna bizari, hakuna nazi. Mimi niliyelelewa kwa mchuzi wa nazi nilikula kimya, na sahani ya pili niliiomba mwenyewe.

Chakula hiki kina historia ndefu kuliko ngome zetu za mawe. Ulezi ni mzawa wa nyanda za juu za Afrika Mashariki. Kutoka huku ulivuka bahari hadi India maelfu ya miaka iliyopita. Hukaa ghalani miaka mingi bila kuliwa na wadudu, ndiyo maana ulikuwa akiba ya ukoo. Wanata wa Serengeti husimulia kwamba mwanamume wa kwanza alikuwa mwindaji na mwanamke wa kwanza mkulima. Twaweza kusema, basi, kwamba katika masimulizi yao watu walianza pale nyama na nafaka zilipokutana katika nyumba moja.

Kisha ikaja sotoka. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 maradhi hayo yaliteketeza ng'ombe wa Afrika Mashariki pamoja na nyati na nyumbu. Oscar Baumann, Mwaustria yule yule ambaye baadaye aliandika vitabu juu ya Unguja, Pemba na Mafia, aliondoka Tanga mwaka 1892 na msafara wake, akapita Ngorongoro na nyika za Serengeti hadi Ziwa Victoria. Njiani aliwakuta Wamaasai waliobaki mifupa kwa njaa. Sasa kumbuka kwamba mgagani hupenda penye samadi: hustawi zaidi katika mazizi ya zamani na mahame. Nathubutu kusema kwamba katika mazizi yale yaliyobaki matupu mvua ilileta maua mengi mno, kwa kuwa ng'ombe walikuwa wamekufa na wachumaji wamehama. Mgeni mpita njia angeliyaona mazuri. Mwenyeji angeliyasoma kama tanzia.

Karne iliyofuata ikakigawa kile chungu cha mwindaji na mkulima. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilianzishwa mwaka 1951. Mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti yalitangazwa mwaka 1994. Sina ugomvi na wanyama, nao ni fahari ya dunia. Lakini mtu wa kijijini akiingia humo kutafuta kitoweo kama babu yake, ni jangili; mgeni akiingia kutazama maua ya mvua, ni mtalii. Fungu la mwindaji lilichukuliwa na sheria. Fungu la mkulima mwanamke lilibaki, na hilo nalo linapungua. Mahindi na muhogo, wageni wote wawili kutoka bara la Amerika, wameutwaa uwanja wa ulezi: muhogo ulihimizwa na serikali ya kikoloni kama kinga ya njaa, mahindi hayamchoshi mpaliliaji wala msagaji kama ulezi. Hayo yana sababu zake. Lisilo na sababu ni aibu: kijana arudipo kutoka mjini huona haya kumwandalia rafiki mgagani, akasema ni mboga ya shida.

Naam, ni mboga ya shida, na ndiyo heshima yake. Baada ya mvua za kwanza, ghala likiwa limekwisha na nafaka mpya ingali majani, mboga hizi za pembeni ndizo hutangulia kufika mezani. Furaha ya msimu ule haimo katika kutazama. Imo katika kuinama na kuchuma kabla ua halijatoka.

Ndiyo maana sitafuti tena neno moja la kulilinganisha na lile la Ulaya. Mshairi wa kule hungoja ua limwambie kwamba uhai umerudi. Kwa mama yule wa Tarime, uhai ulikwisha kurudi wiki mbili kabla, ukapikwa, ukaliwa, na watoto wakalala wameshiba. Ua ni lile lililobaki bila kuchumwa. Nikiliona sasa penye hame, huuliza kwanza: wenyewe wako wapi?