Leilah Babirye: Mchongaji anayewapa ukoo waliotupwa

KATIKA lugha ya Kiganda, makapi ya muwa yanayotemwa baada ya utamu kufyonzwa huitwa ebisiyaga. Neno hilohilo ndilo hutumika kuwadharau watu wenye mapenzi ya jinsia moja. Kwa Leilah Babirye, mchongaji mzaliwa wa Kampala anayeishi na kufanya kazi Brooklyn, New York, kukutana kwa maana hizo mbili ndani ya neno moja ndiko kulikozaa kazi yake yote. Ikiwa mtu ameitwa taka, naye atamchonga kwa taka.

Vifaa vyake ni misumari iliyopinda, bolti, minyororo na tyubu za baiskeli, makopo, nyaya za shaba na vipande vya mabati. Mkazi wa Buhongwa, kata ya kusini mwa Jiji la Mwanza ambako lipo dampo la jiji, hana haja ya kuelezwa vitu hivyo ni vipi. Ndivyo vinavyotengwa na waokota taka kwa ajili ya wanunuzi wa vyuma chakavu. Tofauti ni kwamba chuma cha Buhongwa huishia kwenye mizani, wakati cha Babirye hugeuka taji, hereni au mkufu, na tyubu ya baiskeli husukwa mithili ya nywele za mwanamke anayekwenda harusini.

Chini ya mapambo hayo huwa kuna gogo la mti au udongo wa mfinyanzi. Magogo huyakata kwa msumeno wa injini, huyamalizia kwa patasi, kisha huyachoma kwa moto hadi yawe meusi na kuyapaka nta. Udongo huuchoma tanuruni ukiwa umepakwa rangi zenye kung'aa, nyingine zikiachwa zichuruzike usoni kama machozi au jasho. Zipo sanamu zinazoshikika mkononi, na zipo zinazompita mtu kwa kimo.

Babirye alizaliwa mwaka 1985. Alisoma sanaa katika Chuo Kikuu cha Makerere kati ya mwaka 2007 na 2010, miaka ambayo suala la mapenzi ya jinsia moja lilikuwa likipanda joto nchini Uganda. Oktoba 2010 gazeti moja la Kampala lilichapisha picha na majina ya watu liliodai ni wapenzi wa jinsia moja, na Januari 2011 mmoja wa waliochapishwa, mwanaharakati David Kato, aliuawa nyumbani kwake.

Februari 24, 2014 Rais Yoweri Museveni alitia saini sheria kali ya kupinga mapenzi ya jinsia moja. Mahakama ya Katiba iliifuta Agosti 1 mwaka huohuo, si kwa sababu ya yaliyomo, bali kwa kuwa Bunge liliipitisha bila akidi kutimia. Hali mitaani haikubadilika kwa hukumu hiyo. Babirye, ambaye alikuwa mwanaharakati, naye alitangazwa hadharani na vyombo vya habari kuwa ni mmoja wao. Mwaka 2015 alipata nafasi katika programu ya wasanii ya Fire Island, kisiwa kilicho karibu na New York, akaondoka. Mwaka 2018 Marekani ilimkubalia hifadhi.

Mtu aliyefukuzwa na jamii yake angeweza kutarajiwa kuipa kisogo. Babirye amefanya kinyume chake, na hapo ndipo penye uzito wa kazi yake. Sanamu zake karibu zote zina majina ya Kiganda, na majina hayo si ya kubahatisha.

Katika Buganda, ukoo ndio unaoeleza mtu ni nani. Mtoto huufuata ukoo wa baba, hupewa jina kutoka katika akiba ya majina ya ukoo huo, na hukatazwa kuoa au kuolewa ndani yake. Kila ukoo una mwiko wake, mnyama au kitu ambacho wanaukoo hawali: upo wa senene, wadudu wanaothaminiwa sana Bukoba, na upo wa mamba, yule samaki ambaye wavuvi wa Mwanza humwita kamongo. Jina hubeba hata mpangilio wa kuzaliwa. Babirye, kwa desturi, ni jina la pacha wa kike anayetangulia kutoka tumboni, kama Wasukuma wanavyomwita anayetangulia Kulwa na anayefuata Doto. Ukimfukuza Mganda katika ukoo umemnyang'anya anwani.

Mchongaji huyu amewarudishia anwani hiyo kwa kuongeza neno moja tu. Neno lenyewe ni kuchu, ambalo wapenzi wa jinsia moja na watu waliobadili jinsia nchini Uganda wamekuwa wakilitumia kujitambulisha wao kwa wao. Sanamu moja itakuwa ya mtu wa ukoo wa Ngabi wa Kuchu, nyingine ya Namasole Wannyana, mama yake Mfalme Kimera, wa familia ya kifalme ya Kuchu ya Buganda. Maonyesho yake ya mwaka 2020 New York yaliitwa Ebika bya ba Kuchu mu Buganda, yaani Koo za Kuchu za Buganda, na mwaka 2021 yakafuatiwa na ya pili mjini London kwa jina hilohilo.

Sambamba na sanamu, ana mfululizo wa picha za nyuso zilizochorwa kwenye karatasi, Kuchu Ndagamuntu. Ndagamuntu ndilo jina ambalo Waganda hukiita kitambulisho cha taifa. Picha ya kitambulisho hutakiwa kuonyesha sura ilivyo, na pembeni yake herufi inayosema ni mume au mke. Nyuso za Babirye hazijibu swali hilo. Ndevu na lipstiki hukaa pamoja, na macho humtazama mtazamaji bila wasiwasi. Hali ni hiyo pia kwa sanamu: nyingi ni vichwa na vifua ambavyo jinsia yake haisomeki mwilini, na jina la kike linaweza kukaa juu ya uso wa kiume.

Wapo wanaoona jambo hilo kuwa mtindo ulioletwa na ndege kutoka Ulaya. Historia ya Buganda ni pana kuliko dai hilo. Binti wa mfalme, kwa mfano, huitwa ssebo, neno la heshima wanaloitwa wanaume. Mwaka 2009 Sylvia Nannyonga-Tamusuza, msomi wa muziki wa Chuo Kikuu cha Makerere, alichapisha utafiti akieleza kuwa ndani ya kasri jinsia ilifuata cheo kabla ya mwili: binti wa kifalme alikuwa "mwanamume" mbele ya watu wa kawaida, na mwanamume wa kawaida alihesabiwa "mwanamke" mbele ya Kabaka. Namasole, mama wa mfalme, alikuwa na kasri lake na watumishi wake, na mmisionari John Roscoe, katika kitabu chake cha mwaka 1911, aliandika kwamba yeye na Lubuga, dada wa mfalme, nao walibeba cheo cha kabaka.

Hayo hayathibitishi kuwa Buganda ya kale iliyaruhusu yote yanayobishaniwa leo, na ni vyema yasilazimishwe kusema hivyo. Yanachoonyesha ni kwamba mpaka kati ya mume na mke uliwahi kupita mahali pengine.

Mjadala huo haukwepeki kumfikia Kabaka Mwanga II, aliyeamuru mauaji ya vijana Wakristo wa kasri lake, ambao hukumbukwa Namugongo kila Juni 3. Baadhi ya wanahistoria hutaja hasira ya mfalme kwa vijana waliokataa matakwa yake ya kimwili. Wengine huweka mbele siasa na hofu ya wageni. Kwa watu wa Mwanza, Mwanga si habari ya mbali. Alipopinduliwa mwaka 1888 alivuka ziwa kukimbilia kusini, akafika Magu, kisha akapokewa na mapadri katika misheni ya Bukumbi, eneo linalofikiwa leo kwa kuipita Buhongwa na Usagara kuelekea Kigongo. Kutoka huko alijipanga kurejea kwenye kiti chake.

Babirye hana njia kama hiyo ya kurudi. Mei 2023 Museveni alitia saini sheria mpya yenye adhabu ya kifungo cha maisha, na kifo kwa makosa yanayotajwa kuwa yamekithiri. Anayepatikana na hatia ya kuhamasisha mapenzi ya jinsia moja anaweza kufungwa hadi miaka 20. Aprili 3, 2024 Mahakama ya Katiba iliondoa baadhi ya vifungu na kuiacha sehemu kubwa ya sheria hiyo. Tanzania nayo, katika kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, imeweka kifungo kisichopungua miaka 30 kwa makosa ya namna hiyo.

Matokeo yake ni kwamba sanamu zenye majina ya koo za Buganda hutazamwa zaidi na watu wasiojua muziro ni nini. Mwaka 2022 magogo yake yaliyochongwa nyuso yalisimamishwa wazi katika bustani ya Brooklyn Bridge, ukingoni mwa maji, kwa jina Agali Awamu, maneno yanayofungua methali ya Kiganda isemayo kuwa meno yaliyo pamoja ndiyo yatafunayo nyama. Mwaka 2023 alihamia kwa muda katika bustani ya sanamu ya Yorkshire, Uingereza, akachonga sanamu zilizoonyeshwa hapohapo mwaka uliofuata kwa jina Obumu, yaani umoja. Mwaka huo wa 2024 kazi zake zilikuwamo pia katika maonyesho ya kimataifa ya Venice, Italia, ambayo kaulimbiu yake ilikuwa "Wageni Kila Mahali".

Juni 2024 jumba la makumbusho la de Young la San Francisco lilimfungulia maonyesho aliyoyaita "Tuna Historia". Sanamu zake ziliwekwa pamoja na kazi za kale za Afrika zilizomo katika hazina ya jumba hilo, zilizovuka bahari muda mrefu kabla yake, nyingi zikiwa hazina jina la aliyezichonga.