Vidole Viwili

Wahenga walinena: akufukuzaye hakwambii toka. Utajua kwa jinsi anavyokutazama, anavyokupa mgongo, anavyoanza kukusanya vyombo nawe ungali unakula. Mwili husema, bwana. Sisi vijana tulioshika kalamu tunapenda kudhani kwamba maneno ndiyo yenye nguvu zote. Hebu basi tuitazame Kenya ya kati ya 1988 na 1992, tuone miguu na vidole vilivyobeba siasa ambazo midomo iliogopa kuzitamka.

Tuanze na mlolongo. Kenya ilifanywa nchi ya chama kimoja kisheria mwaka 1982. Katika uteuzi wa wagombea wa KANU mwaka 1988, mpiga kura hakupewa karatasi ya siri. Alipanga foleni nyuma ya mtu wake, akahesabiwa kama mbuzi. Sasa fikiria, ndugu msomaji: chifu anatazama, mwenye nyumba wako anatazama, tajiri anayekulipa mshahara anatazama. Ukishasimama, umeshasema, na huwezi kujifanya hukusema. Mgombea aliyezidi asilimia 70 alihesabiwa kuwa ameshinda, basi, hakuna kura ya siri tena. Mahali pengi watu walilalamika kwamba mstari mfupi ulitangazwa kuwa ndio mrefu. Walisimama juani kila mtu akiwaona, kisha wakaambiwa ati hawakusimama pale! Uchungu huo haukwisha upesi.

Mei 1990, Kenneth Matiba na Charles Rubia walijitokeza kudai vyama vingi. Mkutano ukaitishwa uwanja wa Kamukunji, Nairobi, tarehe 7 Julai. Siku tatu kabla, wote wawili wakatiwa kizuizini. Watu walikwenda vivyo hivyo, polisi wakawatawanya, na ghasia zikaenea hadi miji mingine. Watu wasiopungua 20 walikufa. Hiyo ndiyo Saba Saba.

Hapo ndipo vidole viwili vilipopata kazi. KANU ilikuwa na saluti yake ya kidole kimoja. Aliyetaka vyama vingi aliinua viwili. Dereva aliyekutana na umati barabarani alitoa mkono dirishani, akaonyesha viwili, akapishwa. Mbele ya askari, mkono huohuo ulibaki kwenye usukani, maana ungemtia mwenyewe taabuni. Ishara ni ileile; waliobadilika ni watazamaji.

Vidole hivyo havikuzaliwa Nairobi. Mwaka 1941, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Winston Churchill aliviinua kuwa alama ya ushindi. Lakini kwa Waingereza, ukigeuza mkono hivi kwamba kiganja kikutazame wewe mwenyewe, umetukana. Januari 1992, George Bush mkubwa, rais wa Marekani, alikuwa Canberra, Australia. Akiwa ndani ya gari aliwapungia waandamanaji vidole viwili, kiganja kikiwa ndani. Huko nako hilo ni tusi. Rais mzima, na washauri wote wale!

Mwezi huohuo, Kamukunji ilifurika. Kifungu cha katiba kilichokataza vyama vingi kilikuwa kimefutwa Desemba 1991, na sasa FORD ilifanya mkutano wa halali. Vidole viwili vikapaa hewani mchana kweupe, na hakuna aliyeficha mkono. Lakini kabla ya mwaka kwisha, FORD ilipasuka: Oginga Odinga huku, Matiba kule. Uchaguzi wa Desemba ukaja, wapinzani wakagawana kura, na Moi akarudi Ikulu kwa asilimia 36 hivi. Vidole viwili vilipoachana, kidole kimoja kikapita.

Tunapata nini hapa? Kwanza, kabla ya kuinua mkono, jua nani anautazama. Mkono uliokuunganisha na umma wa Kamukunji ungekutenga na mtu wa Canberra. Tabasamu, kichwa kinachotikiswa, macho yanayoinamishwa mbele ya mzee, vyote husomwa na mtazamaji kwa kamusi yake, si kwa yako. Pili, kwetu sisi waandishi: tusiwajaze wahusika wetu hotuba. Mtu aliyebanwa mdomo bado ana mabega, ana magoti, ana vidole. Mwandike yule dereva wa 1990 anapoliona gari la polisi kwa mbali, na mkono wake bado uko nje ya dirisha.