Usisafirie Nyota ya Mwenzio: Taa ya Baiskeli katika Milima ya Usambara

Wahenga wa pwani, waliousoma usiku baharini kabla ya kuusoma barabarani, walituachia usia: usisafirie nyota ya mwenzio. Usia huo walipewa mabaharia, lakini umenijia mara nyingi nikiwaza juu ya jambo linaloonekana dogo, nalo ni taa ya baiskeli katika milima ya Usambara. Sisi wa visiwani, ambao njia zetu nyingi ni tambarare, twaweza kuidhania taa hiyo kuwa pambo la usukani. Kwa mtu anayeshuka kutoka Lushoto kwenda Mombo jioni ya mwezi wa Julai, ukungu umetanda na bonde liko upande mmoja wa njia, taa ni uhai wake.

Pwani imeifahamu milima hiyo tangu zamani. Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemi, mwandishi wa Habari za Wakilindi, alikuwa mtu wa pwani aliyeishi na watawala wa huko, na kwa kalamu yake Kiswahili kikapata mojawapo ya tarikh zake kubwa. Wasambaa wenyewe huigawa dunia yao sehemu mbili: Shambaai, yaani mlimani penye mvua na migomba, na nyika, uwanda mkavu ulio chini. Kimweri ye Nyumbai, ambaye mmisionari Krapf alimzuru mwaka 1848, alitawala kutoka Vuga, juu mlimani. Mwanawe Semboja alikaa Mazinde, nyikani, penye njia ya misafara. Maisha ya nchi ile, basi, tangu hapo yalikuwa ya kupanda na kushuka.

Wajerumani walipokuja waliifuata njia hiyo hiyo. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Mombo mwaka 1905, na kutoka hapo watu na mizigo walipanda hadi Lushoto, mji ambao wakoloni hao waliuita Wilhelmstal. Barabara ya leo, ipitayo Soni, ina urefu wa zaidi ya kilomita 30, na katika masafa hayo msafiri hupanda takriban mita 1,000. Hiyo ndiyo ngazi iliyoijaribu kila taa iliyoletwa mlimani.

Lakini giza la Usambara ni giza gani? Mgeni kutoka Ulaya huijua miezi ya giza kwa kufupika kwa mchana. Lushoto iko karibu na ikweta, na siku fupi ya Juni huipungukia siku ndefu ya Desemba kwa nusu saa tu au zaidi kidogo. Giza la huko huletwa na mawingu. Masika hushika kuanzia Machi hadi Mei. Kisha huja kipupwe, na unyevu utokao baharini hupanda mlima, ukapoa, ukawa ukungu unaolala juu ya misitu na njia. Jua likizama mwendo wa saa kumi na mbili na nusu, utusitusi haudumu. Mtu aliyekawia sokoni kwa robo saa tu huweza kujikuta usiku kabla hajafika kona ya pili.

Taa za mwanzo za baiskeli zilikuwa za mafuta na utambi, ndugu wa kandili zetu. Baada yake ikaja taa ya kabidi, iliyosifika duniani tangu miaka ya mwisho ya karne ya 19. Maji yalidondoka kutoka tangi la juu yakaangukia kabidi iliyo chini, gesi ikatoka, ikawaka kwa mwali mweupe mbele ya kioo. Mpenzi wa lugha ataisikia kabidi hiyo ndani ya neno letu karabai, ingawa wengi wakilitamka leo huikumbuka taa ya kupiga pampu ya harusini na ya ngomani. Karabai ya baiskeli ilikuwa na udhia: ilitaka kusafishwa majivu ya chokaa, na tone la maji likizidi au likipungua, nuru huyumba. Hata hivyo ilikuwa na fadhila moja kwa mtu wa mlimani: iliwaka hata mwenyewe akiteremka na kuisukuma baiskeli.

Fadhila hiyo ilipotea ilipokuja dainamo. Kifaa hiki, kichupa kidogo kinachosuguana na ubavu wa tairi, hakitaki mafuta wala mawe ya tochi. Mguu wa mpandaji ndio kiwanda chake. Kwa kawaida hutoa umeme wa volti 6 na wati 3, nyingi zikienda taa ya mbele na sehemu ndogo taa nyekundu ya nyuma. Mwaka 1936 kampuni ya Sturmey-Archer ya Uingereza ilitoa dainamo iliyofichwa katika kitovu cha gurudumu, isiyoteleza juu ya tairi lililolowa. Katika mji tambarare hicho ni chombo cha kupendeza. Mlimani mambo hugeuka. Anayepanda na mzigo huisukuma baiskeli polepole, na taa hufifia ikawa kama kimetameta, tena pale ambapo lori laweza kumtokea nyuma. Anayeshuka hupata mwanga mwingi kupita kiasi. Balbu moja ikiungua, umeme wote humiminikia ya pili, nayo huungua. Akisimama kukaza breki zake, huzama gizani kabisa. Chombo kilichobuniwa kwa nchi ya watu wengine kilimpa mtu wa Usambara nuru pale asipoihitaji sana, kikamnyima alipoihitaji.

Ndipo watu wakarudi kwenye tochi, ikifungwa usukanini kwa utepe wa mpira wa ndani wa tairi. Tochi huwaka hata chombo kimesimama, lakini mawe yake hununuliwa, na mwenye kuhesabu senti huizima aonapo mbalamwezi. Enzi ya Waingereza, mpanda baiskeli aliyekutwa usiku bila taa alikuwa na kosa la kujibu. Kwa hiyo taa iliweza kuwashwa mbele ya askari na kuzimwa akishapitwa. Sheria ilimfunza mtu kumwogopa mkubwa, haikumfunza kila mara kwamba taa ni amana baina yake na wapita njia wenziwe.

Zama zetu zimeleta taa za LED. Uvumbuzi wa nuru ya buluu katika vijitaa hivyo, uliowapa Wajapani Akasaki, Amano na Nakamura tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014, ndio uliowezesha nuru nyeupe inayokula umeme kidogo mno. Betri ndogo ya kuchajiwa sasa hudumu saa nyingi, mtu akipanda, akishuka au akisimama. Lakini hata hapa nyota ya mwenzio haikosekani. Taa inayotegemea jua husifiwa na wauzaji, ilhali jua la kipupwe mlimani huweza kujificha siku kadhaa. Afadhali ile inayochajiwa pia kwa umeme wa nyumbani. Tena wengi huchagua taa kwa ukali wake. Katika ukungu, mwanga mkali ulioelekezwa mbele hurudi machoni mwa aliyeuwasha, akawa kama anautazama ukuta mweupe. Taa ya wastani, iliyofungwa chini na kuinamishwa kuelekea njiani, humwonyesha ukingo wa barabara vizuri zaidi.

Zaidi ya yote ni taa nyekundu ya nyuma, ambayo mnunuzi huifikiria mwisho. Malori ya mboga na matunda hushuka njia ile kwenda masoko ya mbali, na pikipiki za abiria zimeongezeka sana tangu miaka ya 2000. Mtu wa Usambara aijua njia yake. Pengine angeweza kuifuata kwa kusikia maji ya bondeni. Asilolijua ni kama dereva aliye nyuma yake, katika kona yenye ukungu, amemwona. Mwenye fedha za taa moja tu, basi, aanze na ya nyuma, isiyozimika baiskeli inaposimama, na chini yake aweke kiakisi mwanga, ambacho hakihitaji betri. Ya mbele ifuate akijaliwa.

Watu wa pwani tuliupelekea mlima mengi: kitabu, reli, mafuta ya taa, na karabai. Mara nyingi tulipeleka kile kilichotufaa sisi. Anayemnunulia nduguye wa Lushoto taa katika duka la Tanga au la Unguja, kabla hajalipa, na aulize kwanza njia ya nduguye ikoje, huipita saa ngapi, na nani huja nyuma yake.