Disemba Lamu? Uliza Maji Kwanza

Wasee, msimu umefika. Makundi ya WhatsApp yamefunguliwa, mtu mmoja kapewa kazi ya kushika pesa, na kura ya "Disemba twende wapi" inazunguka. Mwaka huu naona Lamu inashinda kwa wengi, na mimi pia niko kwa mbogi inayopanga hiyo safari. Sawa kabisa. Kinachonikera ni kimoja: kila video inaita Lamu "kisiwa kisichojulikana". Buda, hakijulikani na nani? Kisiwa cha Pate, hapo jirani, mahali panaitwa Shanga, wachimbuzi wa mambo ya kale walikuta msikiti wa karne ya 8. Kisiwa cha Manda, pale ndege inatua, palikuwa na mji uliofanya biashara na Ghuba ya Uajemi karne ya 9. Nairobi yetu ilianza kama kambi ya reli mwaka wa 1899. Sasa mgeni hapa ni nani?

Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, na hata sikuwa nasomea historia. Kwa hii stori niliingia kupitia mlango wa nyuma: nilikuwa nataka tu kujua boti ya kwenda Takwa inatoka saa ngapi, ndio niandike kwa ratiba. Jibu la manahodha ni lilelile: "Inategemea maji." Hakuna cha saa tatu wala saa nne. Mwanzoni nilidhani wananizungusha. Halafu nikaanza kusoma, na nikaona kwamba hayo maneno mawili yanaeleza Lamu kuliko vitabu vingi.

Takwa ni magofu ya mji wa Waswahili kule Manda. Unafika kwa mkono wa bahari unaopita katikati ya mikoko. Maji yakijaa, boti inaingia poa. Yakipwa, unabaki kwa matope ukingoja. Na maji hayajai sawa kila siku. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu kuna bamvua, yaani maji yanajaa sana na yanatoka sana. Katikati ya hapo ni maji mafu, yanayosonga kidogo tu. Kama ratiba yako haijui tofauti hiyo, hiyo ni orodha ya ndoto.

Sasa twende Shela, ule ufuo mrefu wa mchanga ambao kila mtu anapiga picha machweo. Mwaka wa 1812 hivi, jeshi la Pate likishirikiana na Wamazrui wa Mombasa lilishuka hapo kuja kuitia Lamu adabu. Pate ilikuwa imezoea kuamrisha, na Lamu ilikuwa imechoka kuamrishwa. Watu wa Lamu wakatoka wakapigana, na wakawasukuma wavamizi mpaka ufuoni. Simulizi za Lamu zinasema wavamizi walipokimbilia vyombo vyao walivikuta vimekaa mchangani. Maji yalikuwa yamekupwa. Hakuna pa kwenda. Wengi waliuawa palepale, mbele ya mashua zao wenyewe.

Ebu fikiria hiyo. Jeshi zima linamalizwa kwa sababu bahari imerudi nyuma. Kisha sisi tunakuja na miwani ya jua tunasema "mahali hapa pametulia."

Na stori haikuishia mchangani. Lamu iliposhinda iliogopa kulipiziwa kisasi, ikaomba ulinzi kwa Sayyid Said wa Oman. Akatuma liwali na askari. Ile ngome kubwa iliyo katikati ya mji, ambayo utaipitia ukitafuta maji ya miwa, ilikamilika kama mwaka wa 1821. Mwaka wa 1837 Mombasa nayo ikaanguka mikononi mwa Oman, na kufikia 1840 hivi Said alikuwa ameleta makao yake Unguja. Sisemi yote hayo yalitokana na maji kupwa siku moja, lakini mlango wa Oman upande huu ulifunguliwa na ushindi wa Shela. Waingereza baadaye waliigeuza ngome jela, ikabaki jela mpaka 1984. Ingieni ndani, msipige picha mlangoni tu.

Tukiwa hapo kwa majengo: zile nyumba za matumbawe na milango ya kuchongwa ni kali sana, na UNESCO iliuweka Mji Mkongwe kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2001. Lakini utajiri wa karne ya 19 ulitoka pia kwa mashamba ya bara yaliyolimwa na watumwa. Utumwa ulifutwa kisheria huku kwetu mwaka wa 1907. Mwelekezi wako asipotaja hilo, muulize kwa heshima.

Wale wa michezo ya majini najua mnangoja. Disemba ni mwanzo wa kaskazi, upepo wa kutoka upande wa Arabuni. Ndio utakaokuvuta juu ya maji ukiwa umeshikilia lile tiara kubwa, na ndio uliosukuma majahazi kuja huku, kabla kusi haijayarudisha yakiwa na boriti za mikoko za kuezekea nyumba za Ghuba. Kama unataka kuangalia samaki na matumbawe, Manda Toto ndio pazuri, na pia huko nahodha ataangalia maji kabla ya kukujibu.

Kuna maji mengine ambayo watu hawaulizi kabisa: ya kunywa. Takwa ilihamwa karne ya 17. Sababu moja inayotajwa ni ugomvi na Pate, nyingine ni visima kugeuka chumvi. Watu wake wanasemekana walivuka wakaja Shela, na mpaka miaka hii watu wa Shela wamekuwa wakirudi Takwa kuzuru na kuomba mvua. Kwa nini Shela? Panda ile milima ya mchanga nyuma ya ufuo. Mvua inanyesha, mchanga unaichuja na kuihifadhi, na chini yake kuna maji matamu yanayonywewa na Lamu. Ile milima unayoteleza ukicheka ndio tangi la kisiwa. Ukivuta maji kuliko mvua inavyorudisha, chumvi ya bahari inaingia, na ikishaingia hutoi leo wala kesho.

Ndio maana nimekuwa yule mtu msumbufu kwa kundi letu. Nimekataa nyumba mbili nzuri zenye bwawa la kuogelea. Bahari iko hatua chache, halafu tujaze shimo kwa maji ya watu? Nimependekeza nyumba ya kizamani ndani ya mji, yenye birika la maji bafuni na kata ya kujimwagia. Birika zingine zinawekwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, kwa hivyo usipige nduru usiku.

Siku za Takwa na Manda Toto nimeziacha wazi mpaka tuongee na nahodha. Mweka pesa wetu ameniuliza tena kama kuna bwawa. Nimemtumia jedwali la maji kujaa na kupwa.