Nyumba Njema Si Mlango: Nani Amewahi Kuzipima Nyumba za Mbeya na Iringa?

Kila mwaka baridi ya Juni na Julai inaposhuka Nyanda za Juu Kusini, husikika habari zinazofanana: familia imelala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa, na asubuhi majirani wanagonga mlango bila kuitikiwa. Onyo hutolewa, watu huzikwa, na mwaka unaofuata tunaanza upya. Huwa tunalilaumu jiko. Leo, ndugu msomaji, ningependa tuitazame nyumba yenyewe, kisha tujiulize ni nani aliyetufundisha kuiita bora.

Swali hili lina wakati wake. Wahandisi na watunga sera wetu wameanza kuzungumzia cheti cha matumizi bora ya nishati katika majengo. Chimbuko la wazo hilo ni baridi ya Ulaya. Bei ya mafuta ilipopanda ghafla mwaka 1973, nchi zilizokuwa zikipasha nyumba joto kwa mafuta ziligundua kwamba sehemu kubwa ya joto hilo ilikuwa ikitorokea kwenye mapaa, kuta na madirisha. Mwaka 2002 Umoja wa Ulaya uliagiza kila jengo linalojengwa, kuuzwa au kupangishwa liwe na cheti kinachoonyesha kiasi cha nishati linachohitaji. Uingereza ilianza kutoa vyeti hivyo kwa nyumba za kuishi mwaka 2007, kwa madaraja kutoka A hadi G. Barani kwetu, kanuni za Kenya za mwaka 2012 ziliwataka watumiaji wakubwa wa nishati wafanyiwe ukaguzi kila baada ya miaka mitatu, na mwaka 2020 Afrika Kusini ikayataka majengo makubwa ya ofisi kuonyesha cheti.

Mwenye nyumba wa Mbeya au Iringa haombwi cheti cha namna hiyo leo. Kwa hiyo bado tuna nafasi ya kuamua chetu kitapima nini. Hapo historia ina la kusema, kwa sababu hii haitakuwa mara ya kwanza kwa dola kusimama mbele ya nyumba za watu wa nyanda hizi na kuzipa alama.

Tuanze na nyumba zilizokuwapo kabla ya alama yoyote. Wahehe, Wasangu na baadhi ya majirani zao walijenga tembe: nyumba ndefu na ya chini, kuta zake za miti na udongo, paa bapa la magogo na fito lililofunikwa kwa udongo mzito, vyumba vikizunguka ua. Udongo mwingi hupata joto polepole na kulipoteza polepole. Jua la mchana liliingia katika ukuta na paa, nalo likarudi kwa waliolala usiku. Huko Rungwe, kwenye mvua nyingi, Wanyakyusa walijenga kwa mianzi na kuezeka kwa nyasi nene, na ng'ombe walilala ndani, upande mmoja wa nyumba, wakichangia joto la miili yao. Kila nyumba ilikuwa jibu kwa hali ya hewa ya mahali pake.

Tusizipambe nyumba hizo kupita kiasi. Zilikuwa na giza na moshi, na moshi huua polepole. Sakafu na kuta za udongo zilihifadhi papasi waletao homa. Paa la tembe lilidai matengenezo kila masika. Lakini kuhusu joto la usiku, wajenzi wale walijua walichokuwa wakikifanya.

Alama ya kwanza ya dola ilikuwa ya mtoza kodi. Wajerumani waliiteka ngome ya Kalenga Oktoba 1894, wakaweka kituo chao Iringa mwaka 1896, na mwaka 1898, mwaka aliokufa Mkwawa, kodi ya nyumba ikaanza kutozwa katika koloni lao. Waingereza nao waliendelea na kodi ya nyumba na ya kichwa. Mbele ya karani wa kodi, nyumba ilikuwa tarakimu tu. Hakuuliza kama ina joto au moshi. Aliuliza ni ya nani, na kama amelipa. Kodi inayohesabu nyumba humshauri mtu kujenga chache na kuzijaza watu. Hivyo ndivyo kipimo kinavyoanza kuubadilisha ujenzi, hata pale ambapo aliyekiweka hakuwa na nia hiyo.

Alama ya pili ilikuja na uhuru, na nia yake ilikuwa njema. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na lengo likawa watu wote wawe wamehamia kufikia mwisho wa mwaka 1976. Iringa ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyohamishwa kwa kasi, na mahali pengine nyumba za zamani zilichomwa ili wenyewe wasirudi. Pamoja na kijiji kipya ilikuja kaulimbiu ya nyumba bora: nyumba yenye pembe nne iliyo katika mstari wa barabara, yenye madirisha, kuta za tofali na, Mungu akijalia, bati. Tembe ikawa ishara ya kubaki nyuma.

Ubora huo ulikuwa na faida za kweli. Madirisha yalileta mwanga na hewa, na bati lilizuia mvua na kupunguza hatari ya moto. Lakini kigezo kilikuwa cha macho. Mkaguzi angeweza kuipitisha nyumba akiwa barabarani, bila kuingia ndani wala kulala humo usiku mmoja wa Julai. Wahenga walikwisha kutuonya: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.

Mwalimu mwenyewe aliona kasoro hiyo mapema. Katika tathmini yake ya miaka kumi ya Azimio la Arusha, mwaka 1977, alilalamika kwamba watu wamepumbazwa na bati na saruji, ambayo aliiona kuwa udongo tu uliopewa heshima ya Ulaya, na kwamba wanaidharau nyumba ya tofali za kuchoma na vigae. Alikuwa na haki. Hata hivyo, tofali la kuchoma linatoka kwenye tanuri, na tanuri linakula kuni. Ukisafiri leo kati ya Mafinga na Mbeya utayaona matanuri hayo kando ya njia. Msitu umo ndani ya ukuta, lakini hakuna aliyeupima.

Kwa hiyo tumerithi nyumba gani? Kwa wengi ni ukuta wa tofali moja, bati bila dari, na matundu ya hewa juu ya madirisha. Bati ni jembamba. Joto la mchana hulipita usiku kwenda angani, na alfajiri umande hudondoka ndani. Mama mwenye watoto huziba matundu kwa matambara na kuingiza jiko. Mkaa unapoungua pasipo hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Nyumba iliyoshindwa kulinda joto ndiyo iliyoliita jiko ndani, na matundu yaliyozibwa kwa sababu ya baridi ndiyo yaliyofunga njia ya kuokoka.

Sasa fikiria tungeleta cheti cha kigeni kama kilivyo. Baadhi ya vyeti huangalia zaidi umeme na mafuta yanayopita kwenye mita na hesabu rasmi. Nyumba ya Uyole yenye taa tatu na redio ingepata daraja la juu kabisa, huku watu wake wakiteketeza magunia ya mkaa na kutetemeka usiku. Umaskini ungeandikwa kuwa ufanisi. Nayo ofisi ya vioo mjini, iliyoiga majengo ya Dar es Salaam, baridi asubuhi na tanuri mchana, ingejinunulia viyoyozi vya kisasa na kupewa sifa ya kupunguza tatizo ililojiundia yenyewe.

Sisemi kwamba umeme hauna maana hapa. Maji ya Ruaha Mkuu, yanayokusanyika katika bonde la Usangu mkoani Mbeya, ndiyo yanayojaza Mtera na kuendesha mitambo ya Kidatu. Mtera ina uwezo wa megawati 80, Kidatu 204, na Kihansi, inayotumia maji ya milima ya Iringa, 180. Ukame wa mwaka 2006 ulituonyesha nini hutokea maji hayo yanapopungua: mgawo wa umeme nchi nzima. Kila uniti inayookolewa ofisini ni maji yanayobaki bwawani. Ninachosema ni kwamba cheti kinachosoma mita peke yake kitasoma nusu ya hesabu.

Cheti cha nyanda hizi kingepaswa kuuliza mambo matatu. Alfajiri ya Julai, ndani kuna joto kiasi gani kuliko nje kabla moto haujawashwa? Wakazi hutumia mkaa na kuni kiasi gani katika miezi ya baridi? Na ujenzi wenyewe ulikula miti na saruji kiasi gani? Vipima joto si ghali, na wataalamu tunao. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, ambao mizizi yake ni kitengo cha utafiti wa majengo cha mwaka 1971, kwa miaka mingi umehimiza tofali za udongo zinazofungamana, zisizochomwa. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kina wanafunzi wanaoweza kupima. Halmashauri tayari hutoa vibali vya ujenzi, na ramani iliyo mezani ingeweza kuulizwa kuhusu dari kama inavyoulizwa kuhusu msingi.

Kuna pingamizi la haki: je, hicho hakitakuwa kibali kingine cha kuuziwa maskini? Kinaweza kuwa hivyo, na historia ya kodi ya nyumba inatuonya. Ndiyo maana kianze na serikali yenyewe, kwa mabweni ya shule, zahanati na nyumba za watumishi, kisha kiende kwa wanaopangisha na majengo ya biashara. Mwanakijiji anayejijengea asidaiwe cheti. Apewe ushauri, na kama inawezekana, nafuu ya dari.

Mtoza kodi aliihesabu nyumba, na bwana wa maendeleo akaitazama kutoka barabarani. Anayekuja na cheti aingie ndani, aketi na wenyeji, na asubiri hadi alfajiri.