Kosa la Kuacha Kazi

Fomu nilikuwa nimeijaza yote isipokuwa swali moja: mshahara wako wa mwisho ulikuwa pesa ngapi? Ulikuwa elfu kumi na tano kwa mwezi, wakikumbuka kulipa. Nikiandika ukweli, watanipa kumi na saba na kutarajia niseme asante. Nikidanganya, watampigia simu bosi wa zamani. Na huyo mpaka leo hajanipa cheti cha utumishi, ingawa sheria ya ajira ya 2007 inamlazimu. Anasema eti nilitoroka.

Hilo neno "kutoroka" ndilo lilinikumbusha kikopo cha shosho. Kiko kwake Murang'a, cha chuma, na huwekea ugoro. Utotoni nilidhani ni kikopo tu. Kumbe ni kasha la kipande cha babake.

Shuleni kipande tulikisoma kwa sentensi moja, mtihani ukaja, tukasahau. Sheria yake ilipitishwa 1915, ikaanza kutekelezwa vita vilipoisha, kuanzia 1919. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu alitakiwa kutembea nacho, wengi wakakivaa shingoni. Wazee wa kwetu walisema ni kengele ya mbuzi. Tusi hilo la shingoni ndilo husimuliwa sana. Mimi kinachoniuma ni karatasi iliyokuwa ndani.

Walowezi walitaka vibarua wengi kwa pesa kidogo, lakini vibarua walikuwa wanahama. Jirani akilipa afadhali, au asipokuwa na kiboko, mtu anabeba blanketi usiku na kuvuka. Sisi tungesema ametafuta maisha. Serikali ilisema ametoroka, na lilikuwa kosa la jinai. Karatasi ilikuwa na alama za vidole, jina la mwajiri, aina ya kazi, tarehe ya kuanza na ya kuachiliwa. Bosi asipotia sahihi kwamba amekuachilia, hupati kazi kwingine kihalali. Na mshahara ulikuwa umeandikwa humo humo. Bosi mpya hakuwa na haja ya kubishana bei. Alisoma wa jana alikulipa ngapi, naye akalipa hizo hizo.

1921 walowezi wakakubaliana kupunguza mishahara kwa thuluthi. Ungehamia wapi?

Harry Thuku aliyeongoza kelele za kupinga hayo alikuwa mtu wa kubadilisha kazi mwenyewe: alipanga herufi kwenye gazeti la Leader, kisha akawa opereta wa simu wa serikali. Alikamatwa Machi 14, 1922. Siku mbili baadaye umati uliokuja kumdai ukapigwa risasi karibu na hoteli ya Norfolk, na Mary Muthoni Nyanjiru akafa pale. Nikiwa bado chuoni, kabla karo inishinde, niliipita Barabara ya Harry Thuku karibu kila siku nikiwaza chapati.

Kipande kiliendelea miaka mingine zaidi ya ishirini. 1947 ilipotungwa sheria ya kusajili watu wa rangi zote, walowezi walikasirika sana kuambiwa nao waweke alama za vidole. (Ndiyo, wao.) Jina halikufa: ukikutana na askari wa geti mzee, bado atakuitisha "kipande".

Sisemi fomu yangu ni kipande. Hakuna polisi atakayenifuata kwa sababu ya kuacha kazi ya elfu kumi na tano. Lakini lile swali la mshahara nalijua sasa, na najua linamsaidia nani.

Jana nilimpigia shosho nikamuuliza kama babake aliwahi kutoroka.

"Mara mbili," akasema. "Ya kwanza walimshika."

"Na ya pili?"

"Ya pili alienda Thika, akanunua baiskeli."

Nikarudi kwa fomu. Haikubali kuendelea ukiacha nafasi wazi. Nimeandika sifuri.