Jiko la Zamani na Jiko Jipya



Kiangazi kimoja nilimjengea mke wangu jiko jipya. Lile la zamani lilikuwa kibanda cha fito na majani, kuta zake nyeusi kwa masizi, mafiga matatu katikati. Nikachoma matofali, nikanunua mabati, nikamwita fundi. Tukainua jiko la udongo mpaka usawa wa kiuno, kama nilivyoona katika picha, ili mama asiiname tena. Kazi ilipokwisha majirani walikuja kutazama, wakanisifu. Nami nilifurahi sana.

Baada ya majuma mawili nikaona moshi unatoka tena katika kile kibanda. Nikaenda kuuliza. Mke wangu alikuwa ameketi kwenye kigoda, anasonga ugali, na chungu kimetulia kati ya mafiga yake. Akaniambia: «Baba Petro, jiko lako ni zuri. Lakini ugali hausongwi mbele ya kifua. Nikisukuma mwiko, chungu kinanikimbia. Na kinu cha sombe nitakiweka wapi mle ndani? Wewe ulimwuliza fundi. Mimi hukuniuliza.»

Sikuwa na jibu. Wazee walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Basi nikaanza kusoma habari za watu waliotengeneza majiko katika nchi nyingine, nione kama wao walifanya vizuri kuliko mimi. Nilichokiona ndicho ninachotaka kuwasimulia leo.

Moto uliokula kuni

Tusidhani kwamba watu wa Ulaya walikuwa na majiko mazuri tangu mwanzo. Kwa karne nyingi walipika juu ya moto wa wazi, kama sisi. Chungu kilitundikwa kwa mnyororo juu ya miali, au kiliwekwa juu ya chuma chenye miguu mitatu. Uso wa mpishi uliungua, mgongo ukapigwa na baridi, na sehemu kubwa ya joto ikapanda juu pamoja na moshi. Magogo yaliteketea, na chakula kilipata joto kidogo tu.

Mtu mmoja aliyechukizwa na hasara hiyo aliitwa Benjamin Thompson. Alizaliwa Amerika mwaka 1753, akaja Ulaya, akamtumikia mtawala wa Bavaria katika mji wa München. Huko alipewa cheo cha heshima, akaitwa Rumford. Mwaka 1790 alisimamia nyumba ya kazi kwa ajili ya maskini na waombaji wa mji ule. Watu wengi walipaswa kulishwa kila siku, na kuni zina bei. Akaanza kupima. Akaufunga moto ndani ya matofali, kila chungu kikawa na tundu lake na moto wake mdogo, na pumzi ya moto ikafunguliwa au kufungwa kwa kifuniko. Kuni zikapungua sana, na mpishi hakuungua tena.

Je, kila mama wa Ulaya alipata jiko hilo? Hapana. Lilikuwa kubwa mno, lililofaa kasri, jeshi na nyumba za maskini. Mama mwenye chumba kimoja na watoto watano angeliweka wapi? Hapo nililiona kosa langu mara ya kwanza. Rumford aliujua moto vizuri kuliko watu wote, lakini jiko lake lilijengwa kwa kipimo cha nyumba kubwa.

Dawa ilikuja baadaye, katika umbo dogo. Mwaka 1834, katika mji wa Oberlin huko Marekani, Bwana Philo Stewart alipata hati ya serikali kwa jiko lake la chuma. Lilikuwa dogo, liliingia katika nyumba ya kawaida, na vyungu kadhaa vilipikwa juu ya moto mmoja. Majiko ya namna hiyo yalienea upesi.

Hatua za mama zinahesabiwa

Moto ulikuwa umefungwa. Sasa ikabaki kazi yenyewe. Unga uko pembe hii, maji pembe ile, meza mbali na jiko, visu katika chumba kingine. Mama huenda na kurudi kutwa nzima, na jioni akisema amechoka, mume huuliza: «Umechoka kwa kazi gani?»

Wa kwanza kulitazama jambo hili kwa bidii alikuwa mwalimu, Bibi Catharine Beecher wa Marekani. Kitabu chake juu ya kazi za nyumbani kilitoka mwaka 1841. Mwaka 1869 alitoa kingine pamoja na ndugu yake, Harriet Beecher Stowe. Humo alitoa mfano wa meli. Akasema, tazameni chumba cha mpishi katika meli ya mvuke: ni kidogo, lakini humo hupikwa chakula cha watu 200, kwa sababu kila chombo kipo karibu na mkono. Basi kwa nini mama wa nyumbani atembezwe? Akachora jiko lenye meza ndefu chini ya dirisha, unga chini ya meza, na rafu juu yake.

Baada yake akaja Bibi Christine Frederick. Siku zile wenye viwanda walikuwa wakipima kazi kwa saa, waone jinsi gani mfanyakazi atamaliza mapema. Bibi Frederick akasikia mazungumzo yao, akajiuliza kwa nini kipimo hicho kisiingie jikoni. Mwaka 1912 alianza kuandika katika gazeti la wanawake, na mwaka 1913 kikatoka kitabu chake. Alichora majiko mawili, na ndani yake mistari ya njia ambazo mama hupita akipika na akiosha vyombo. Katika jiko baya mistari ilikatizana kama utando wa buibui. Katika jiko jema mistari ilikuwa michache na mifupi. Mtu yeyote aliyeona michoro ile alielewa, hata kama hakusoma neno moja.

Wa tatu ni Bibi Lillian Gilbreth. Mume wake, Frank, alianza maisha kama fundi wa kujenga, akagundua kwamba mwashi hufanya miendo 18 kuweka tofali moja, na kwamba inawezekana kuipunguza ikabaki karibu 5. Mume huyo alifariki ghafla mwaka 1924, akamwachia mkewe watoto 11. Wenye viwanda hawakupenda kumpa kazi mwanamke peke yake. Basi akageukia jiko, mahali ambapo hakuna aliyeweza kumwambia kwamba si pake. Katika jaribio moja mwanamke alipika keki katika jiko la kawaida, akahesabiwa hatua 281. Akapika keki ile ile katika jiko lililopangwa upya: hatua 45. Keki ni ile ile, mikono ni ile ile, ila vitu vimesogezwa.

Fikirini, wasomaji: hatua zaidi ya 200 kwa chakula kimoja! Zidisheni kwa siku, kwa mwaka, kwa maisha ya mama mmoja.

Majiko elfu kumi ya Frankfurt

Sasa nifike kwenye habari iliyonifundisha zaidi. Baada ya vita ya 1914-1918 Ujerumani ilikuwa na uhaba mkubwa wa nyumba. Mwaka 1925 mji wa Frankfurt ulimwita fundi mkuu Ernst May ajenge maelfu ya nyumba za watu wenye mshahara mdogo. Mwaka 1926 alimwita mwanamke kijana wa Vienna, Bibi Margarete Lihotzky, aliyekuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza wa Austria kusomea ujenzi. Baadaye aliolewa, akaitwa Schütte-Lihotzky. Yeye ndiye aliyechora jiko la nyumba hizo.

Lilikuwa chumba chembamba, upana kama mita 1.9, urefu kama mita 3.4. Alikuwa amesoma mawazo ya Bibi Frederick, na alitazama pia majiko ya treni, ambamo wapishi hulisha abiria wengi katika nafasi ndogo. Alipima kazi kwa saa. Kila kitu kilipata mahali pake: kigoda cha kuzunguka mbele ya dirisha, meza yenye tundu la kutupia takataka, ubao wa pasi unaokunjwa ukutani, taa inayosogezwa darini, vidroo vya alumini kwa sukari na mchele. Unga uliwekwa katika mbao za mwaloni, kwa sababu wadudu hawaupendi mti huo. Makabati yalipakwa rangi ya samawati, kwani ilisemekana inzi huikimbia. Na mlango wa kusukuma ulimwezesha mama kuwaona watoto katika chumba cha pili. Kwa miaka michache majiko kama 10,000 yaliwekwa, na gharama yake ikaingizwa katika kodi ya nyumba.

Kazi nzuri kweli! Lakini sikieni mwisho wake. Baadhi ya akina mama walinung'unika. Walizoea kula na kuketi jikoni pamoja na jamaa yote, na sasa jiko lilimtosha mtu mmoja tu. Binti hakuweza kumsaidia mama yake bila kugongana naye. Vidroo vile vya alumini vilikuwa usawa wa mkono wa mtoto, na watoto wakavimwaga. Katika mtaa wa Römerstadt kila kitu kilitumia umeme, na wapangaji walilalamika juu ya bei yake. Miaka ilipopita, wengi waliyang'oa majiko yale wakaweka mengine. Leo yaliyosalia yanatunzwa katika majumba ya makumbusho, na watu hulipa ili wayaone.

Bibi huyo aliishi sana. Wakati wa vita ya pili alifungwa kwa kuupinga utawala wa Hitler, akatoka gerezani mwaka 1945, akafariki mwaka 2000, zikiwa zimebaki siku 5 tu atimize miaka 103. Katika uzee wake alikiri jambo moja: alipolichora jiko lile lenye sifa, yeye mwenyewe alikuwa hajapata kupika nyumbani. Alizijua hatua na dakika. Ile furaha ya watu wanaomenya viazi pamoja, wakizungumza, haikuonekana katika saa yake.

Simdharau. Aliwapunguzia maelfu ya akina mama uchovu, nami sikuweza kumfaa hata mmoja. Lakini nimeelewa kwamba kuhesabu hatua ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuuliza. Na katika nchi nyingi za Ulaya na Amerika, watu wanaotengeneza upya nyumba zao wanabomoa ukuta kati ya jiko na chumba cha kulia, ili mpishi asitengwe na watu wake. Wanarudisha kile ambacho akina mama wa Frankfurt walikidai.

Jiko letu

Mtu atasema: mambo ya Ulaya yanatuhusu nini? Yanatuhusu, kwa sababu moshi hauna mchezo. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2020 moshi wa majumbani ulisababisha vifo vya watu karibu milioni 3.2, na zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto wasiotimiza miaka 5. Hao ndio wanaobebwa mgongoni mama anapopika. Kwa hiyo kurudi katika kibanda cha zamani si dawa. Mke wangu alikuwa na haki kulikataa jiko langu, lakini kifua chake kilikuwa kinalipa.

Basi nilifanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo. Asubuhi moja niliketi jikoni, nikanyamaza, nikatazama. Nilianza kuhesabu hatua zake kwenda kwenye mtungi wa maji na kurudi, nikachoka kuhesabu kabla yeye hajachoka kutembea. Kisha nikamwuliza. Alijibu upesi, kama mtu aliyekuwa na majibu tayari kwa miaka mingi.

Tukalibomoa jiko la kiunoni, tukalijenga chini, usawa wa goti, lenye ukingo mzito wa udongo unaokishika chungu kisitikisike. Ukuta mmoja tuliukata nusu, moshi upate njia. Mtungi ukahamia karibu na mlango. Nje tukaongeza kibaraza cha kinu, naye hutwanga sombe huku akizungumza na jirani zake. Fundi alicheka, akasema nimeharibu kazi yake nzuri. Kile kibanda cha zamani sasa wanalala kuku.

Moshi haujakwisha wote, na bado tunatafuta namna ya kuweka bomba. Lakini safari hii tunatafuta wawili.

Nanyi akina baba mnaotaka kujenga au kutengeneza jiko kiangazi kijacho, kabla ya kumwita fundi, chukueni kigoda mkaketi jikoni asubuhi moja. Tofali litangoja.